Mhariri, mwani wa shangazi yangu sio ule wa jeli ya DNA

Mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wenzangu wote. Naandika kuhusu ile habari ya mwani mliyoitoa wiki mbili zilizopita, ile iliyosema kwamba mwani wanaolima kina mama wa Unguja ndo huo huo unaotumika maabara kutengenezea jeli ya kupimia DNA, yaani vinasaba. Mimi nafanya kazi maabara, mwaka wa kumi na moja huu, na jeli mliyoitaja naichemsha kwa mikono yangu karibu kila siku ya kazi. Alafu shangazi yangu analima mwani kule Jambiani tangu mimi niko shule ya msingi. Kwahiyo habari ile ilinigusa pande zote mbili, na ndo ikaniletea simu ambayo sikujua niijibu vipi.

Simu yenyewe ilikuwa ya shangazi. Mtoto wa jirani alimsomea ile habari yenu kutoka kwenye simu yake, wamekaa barazani wanafunga mbegu kwenye kamba, na yeye akanipigia hapo hapo. "Mwanangu, n'shasikia mwani wetu ndo mnaopimia watoto na baba zao huko. Sasa mbona sisi kilo tunauza kwa mia mia? Hebu n'ambie, nani anakula hizo pesa hapo katikati?"

Nikamwambia shangazi nipe siku mbili nitakupigia. Kwa kweli sikutaka kumvunja moyo kwa simu, na pia sikutaka kumjibu jibu la haraka haraka kwasababu swali lake ni la haki kabisa, ila limejengwa juu ya kitu ambacho sio kweli. Ndo maana naomba nafasi kidogo hapa nieleze vizuri maana waliosoma habari ile ni wengi na wengi wana mashangazi kama wangu.

Jeli tunayotumia inaitwa agarosi. Inakuja ni unga mweupe ndani ya kopo, ukiushika ni kama unga wa wanga tu, hauna harufu wala ladha. Kweli inatoka kwenye mwani, na kweli ni mwani mwekundu, na mwani wa Jambiani nao uko kwenye ukoo huo huo wa mwani mwekundu hata kama ukiuona majini una rangi ya kijani au kahawia. Nadhani hapo ndo mwandishi wenu alipoteleza. Lakini kuwa ukoo mmoja sio kuwa kitu kimoja, mchele na mtama wote ni jamii ya nyasi ila huwezi kupika pilau ya mtama ukaita pilau.

Ngoja niwaeleze kazi yenyewe inavyokwenda ili muone kwanini hatuwezi kuweka mwani wowote tu. Nachukua mfano wa mbu kwasababu ndo kazi ninayoifanya zaidi. Mbu wa malaria tunaoletewa toka vijijini wengi ni wa kundi moja ambalo ndani yake kuna ndugu kadhaa, na wawili wanaotusumbua ni Anofelesi gambie na Anofelesi arabiensi. Hawa wawili ukiwaweka chini ya darubini hata mtaalamu wa miaka thelathini hawezi kuwatofautisha, wanafanana mabawa, miguu, madoa, kila kitu. Ila tabia zao hazifanani. Gambie anapenda damu ya mtu na anapenda kupumzika ndani ya nyumba, ukutani humo humo baada ya kushiba, kwahiyo chandarua na dawa ya kupulizia ukuta vinampata vizuri. Arabiensi anauma mtu, anauma ng'ombe, anapumzika nje, anakwepa. Sasa kama wilaya inataka kujua ifanye nini lazima kwanza ijue ina mbu gani, na kumjua unahitaji DNA yake.

Unachukua mguu mmoja wa mbu. Mguu mmoja tu, ambao ukipiga chafya umepotea mezani. Unatoa DNA, unaikuza kwa mashine ya PCR mpaka zipatikane nakala nyingi sana za kipande kimoja kidogo, na kipande hicho kwa gambie kina urefu wa bezi 390 (bezi ni kama herufi moja moja za DNA) na kwa arabiensi kina urefu wa bezi 315. Basi, tofauti yote ni hiyo, bezi 75, na hakuna jicho la kuiona. Hapo ndo inapoingia jeli.

Napima gramu 2 za agarosi, naweka kwenye chupa yenye mililita 100 za bafa, yaani maji yenye chumvi maalum za kupitisha umeme, naingiza kwenye maikrowevu. Lazima usimame hapo hapo uiangalie kwasababu ikichemka inapanda kama maziwa na inamwagika, unaitoa, unaizungusha taratibu kwa glavu nene, unairudisha, mpaka usione hata chembe moja inayoelea ndani, iwe angavu kama maji ya kisima. Kisha unaiacha ipoe mpaka chupa inashikika mkononi, unamimina kwenye trei, unachomeka kitana chenye meno ili kiache vishimo, na unasubiri kama nusu saa hivi. Ikishaganda unakichomoa kitana taratibu sana, ukikurupuka vishimo vinachanika chini na sampuli zako zote zinavuja. Mi mpaka leo nikichomoa kitana nazuia pumzi.

Hapo kuna jambo moja la agarosi ambalo linanifurahisha kila siku, nalo ni kwamba inaganda kwenye joto la kama digrii 36 lakini ikishaganda hairudi kuwa maji mpaka uipandishe kwenye digrii 85 na kwenda mbele. Morogoro mwezi wa Januari, umeme umekata, feni imesimama, chumba kina joto la kufa mtu, jeli yangu iko pale pale mezani imetulia. Jeli ya gelatini ile ya mifupa na ngozi ingekuwa imeshakuwa mchuzi. Na hii sio shida ya Morogoro peke yake, ndo shida waliyoipata Ujerumani mwaka 1881 kwenye maabara ya Robert Koch, walikuwa wanaotesha bakteria juu ya gelatini na siku za joto gelatini inayeyuka, na mtu aliyewatoa hapo alikuwa Fanny Hesse, mke wa mmoja wa watafiti, aliyekuwa anamsaidia mumewe kazi za maabara. Yeye jikoni kwake alikuwa anagandishia jemu na pudini kwa agari, yaani ule unga wa mwani ambao agarosi inatolewa ndani yake, kitu alichofundishwa na watu waliowahi kuishi Java. Akasema jaribuni hii. Koch akaitaja agari kwenye maandishi yake ya mwaka 1882 kuhusu bakteria wa kifua kikuu, jina la yule mama hakuliandika. Mimi naona jina lake litajwe kila inapotajwa agari, ndo maana nimeliandika.

Turudi kwenye mbu. Jeli inazamishwa kwenye bafa, unadondosha sampuli kwenye vishimo kwa pipeti, zimechanganywa na rangi ya bluu na gliseroli ili zizame zisielee, na kwenye kishimo cha pembeni unaweka lada, yaani DNA ambayo urefu wa vipande vyake unajulikana, iwe kama rula yako. Unawasha umeme, volti 100 hivi. DNA ina chaji hasi mwili mzima kwasababu ya fosfeti zake, kwahiyo inakimbilia upande wa chanya. Lakini njiani kuna jeli, na jeli ukiitazama kwa ndani kabisa ni kama wavu, nyuzi za agarosi zimejisokota mbili mbili na kufungana mafungu mafungu, katikati zimeacha matundu. Kipande kifupi kinapenya upesi, kirefu kinajivuta. Baada ya saa moja bezi 315 ziko mbele na bezi 390 ziko nyuma, mistari miwili, unaiweka kwenye mwanga wa yuvi (urujuanimno) na inawaka. Ukitaka wavu wa matundu madogo unaongeza unga, ukitaka wa matundu makubwa unapunguza. Kwa vipande virefu vya bezi elfu kadhaa unatumia asilimia moja au chini ya hapo, kwa vidogo kama hivi vya mbu unaenda asilimia mbili. Ni wavu ambao wewe mwenyewe unachagua macho yake, na shangazi nilipomwambia hivi alielewa kwa sekunde moja kwasababu amezaliwa kwenye nyumba ya wavuvi.

Kwenye dawa za malaria nako mambo ni hayo hayo. Mgonjwa kwenye utafiti amepewa dawa, amepona, siku ya 25 vimelea wamerudi kwenye damu. Dawa imeshindwa au ameumwa na mbu mwingine? Kwa hadubini huwezi kujua. Unachukua damu ya siku ya kwanza na damu ya siku aliyorudi, unakuza jeni za vimelea ambazo urefu wake unabadilika badilika kati ya kimelea na kimelea, unazipitisha kwenye jeli pembeni kwa pembeni. Mistari ikilingana, ni vimelea wale wale, dawa ina tatizo. Ikitofautiana, ni maambukizi mapya. Yaani uamuzi kuhusu dawa inayomezwa na mamilioni ya watu unaweza kuegemea kwenye mistari kwenye kipande cha jeli chenye ukubwa wa kiganja, na ndo maana jeli yenyewe haitakiwi kudanganya.

Sasa nakuja kwenye mwani wetu na hapa naomba mnisome kwa makini.

Mwani unaolimwa Jambiani, Paje, Pemba na pwani ya bara ni wa aina mbili, spinosamu na kotoni. Kilimo chake cha biashara kilianza Unguja pwani ya mashariki mwaka 1989, mbegu ikitoka Ufilipino. Kitu kinachotolewa kwenye mwani huu kinaitwa karajinani, na kinaenda kwenye dawa ya meno, aiskrimu, soseji, maziwa ya chokoleti. Karajinani inaganda, kweli. Imejengwa na sukari ile ile ya galaktosi ambayo ndo mama wa agarosi, kweli. Ila karajinani imebeba salfeti nyingi. Ya kotoni ina salfeti moja kwa kila jozi ya sukari, ya spinosamu ina mbili. Agarosi safi haina, au ina kidogo mno.

Na salfeti ina chaji hasi. Kwenye dawa ya meno hilo halina shida, ndo linasaidia hata. Kwenye jeli ya umeme ni balaa. Kwasababu chaji hasi zikiwa zimegandia kwenye jeli haziwezi kwenda popote, ila zile ayoni chanya, yaani chembe zenye chaji, zinazozizunguka zinaweza, nazo zinavutwa kwenda upande wa hasi na zinaondoka na maji. Kwahiyo unapata mkondo wa maji ndani ya jeli unaokwenda kinyume na DNA. DNA inakwenda huku, maji yanaisukuma kule, kama mtu anayepiga kasia wakati maji yanatoka. Mistari inapinda, inafifia, inatawanyika. Na tofauti ya bezi 75 inapotea humo humo.

Hata agari ya kawaida ina shida hiyo. Agari ina sehemu mbili ndani yake, agarosi, na nyingine inaitwa agaropektini ambayo ndo imebeba chaji. Mjapani Araki ndo alionyesha jambo hili mwaka 1937, na mwanzoni mwa miaka ya 60 Msweden Stellan Hjertén akatoa njia nzuri ya kuzitenganisha, na kuanzia hapo ndo agarosi ikaanza kuwa kitu cha maabara. Mwanzoni mwa miaka ya 70 watu wakawa wanapitisha DNA kwenye jeli hiyo na kuipaka ethidiamu, rangi inayoshika DNA, ili iwake, na njia hiyo kwa sehemu kubwa ndo tunayoitumia mpaka leo.

Mimi hili la chaji nililijua kwa mikono kabla ya kulielewa kwa kichwa. Nilipokuwa mwanafunzi, kwenye chuo ambacho sitakitaja, agarosi iliisha katikati ya muhula na iliyoagizwa haikufika kwa miezi. Tulikuwa na sampuli za PCR kwenye friza na tarehe ya kukabidhi ripoti inakaribia. Mwenzangu mmoja akaenda mjini akarudi na pakiti ya agari ya kutengenezea pudini, tukaichemsha, ikatoka jeli yenye ukungu kama maji ya mchele, tukaipakia sampuli zetu zote. Zote, hatukubakiza hata kidogo za akiba. Tulipoiweka kwenye yuvi kulikuwa na michirizi mirefu kama mkia wa kimondo na lada yenyewe haisomeki. Sampuli za miezi mitatu. Msichana aliyezikusanya alikaa kwenye stuli akanyamaza, hakuna aliyejua la kumwambia. Kwa kuwaonyesha wanafunzi wa sekondari kwamba DNA inatembea kwenye umeme ile agari ya dukani inafaa, na walimu wa baiolojia nawashauri waijaribu, betri kadhaa za volti tisa, boksi la plastiki na rangi za chakula badala ya DNA, watoto wataona kitu wanachochorewa ubaoni tu kila mwaka. Ila kwa kutoa majibu ya kweli haifai. Na kama agari haifai, karajinani yenye salfeti kila mahali haifai zaidi.

Mwani wa agarosi hasa ni Jelidiamu. Huu haulimwi kwa kamba kama wetu, unakua polepole, unavunwa porini kwenye miamba ya bahari ya baridi kidogo, na nchi inayotegemewa kuliko zote ni Moroko. Moroko walipoona unakwisha wakaweka kikomo cha kuvuna, na mwaka 2015 maabara duniani ziliona bei zinapanda na makopo hayapatikani. Kopo la gramu 100 kwetu linagharimu laki kadhaa. Kwahiyo shangazi alipouliza nani anakula pesa za katikati, jibu la kweli kuhusu DNA ni kwamba pesa ile haijawahi kupita njia yake kabisa. Kuhusu karajinani, swali lake liko pale pale na linahitaji majibu, na hilo gazeti lenu lingelifuatilia lingefanya kazi kubwa: kilo kavu inaondoka kijijini kwa bei gani, inafika kiwandani kwa bei gani, na kwanini sehemu kubwa bado inasafirishwa ikiwa majani makavu tu kwenye magunia. Alafu kotoni, ambayo ndo yenye bei nzuri, inakufa maji yanapopata joto, shangazi ameacha kuipanda, anabaki na spinosamu ya bei ya chini. Hiyo ndo habari ya kina mama wa mwani. Mkiwaambia wamekalia DNA wanaanza kugombana na mnunuzi kwa kitu kisichokuwepo, na mnunuzi anapata sababu ya kuwaona hawajui kitu.

Nilimpigia kama nilivyoahidi, ila sikuona raha kumwambia yote kwa simu, basi mwezi huu nilipopata likizo nilipanda boti nikaenda. Nilibeba kipande cha jeli kwenye kontena ya plastiki, safi, haijapita sampuli wala haijapakwa ethidiamu, maana ethidiamu inaweza kuharibu DNA ya mtu na hailetwi nyumbani kwa watu. Shangazi akaishika kwenye kiganja, akaibonyeza kwa kidole gumba, akaiinua akatazama bahari kupitia kwake. Akaingiza ukucha kwenye vile vishimo kimoja kimoja. "Na hii ni mwani?" Nikamwambia ni mwani, shangazi, ila sio wako. Nikamweleza salfeti kwa maneno ya chumvi na mkondo, akawa anaitikia enhee, enhee. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Huo mwengine kwetu haupo?"

Jelidiamu ya kuvuna kibiashara sikuweza kumwahidi. Lakini kuna mwani mwingine wa agari unaoitwa Grasilaria, huu unapenda maji ya joto, Indonesia na China wanaulima kwa wingi, na kwenye pwani yetu upo. Agari yake ina salfeti zaidi kuliko ya Jelidiamu na mara nyingi huchemshwa kwanza na magadi makali ili igande vizuri, na nyingi inaishia kwenye chakula sio maabara. Nilimwambia yote hayo, sikumficha kwamba kutoka hapo mpaka kwenye unga wangu wa kwenye kopo kuna kiwanda na kemikali na kazi ndefu.

Asubuhi yake maji yalikuwa ya bamvua, yamekauka mpaka mbali, nikaenda naye shambani. Alikuwa anapita kwenye kamba anang'oa magugu anatupa, kama kawaida yake, kisha akasimama akaninyooshea kimoja kabla hajakitupa, kichaka kidogo cha kahawia, matawi membamba ya duara, kigumu kukatika. "Huu je?"

Sikumjibu kwasababu kutambua mwani sio kazi yangu, nimeukausha kwenye gazeti na nimerudi nao bara, wiki ijayo naupeleka kwa mtu anayejua. Wakati nasubiri, Mhariri, naomba mrekebishe ile habari, kwenye ukurasa ule ule na kwa herufi za ukubwa ule ule, ili yule mtoto wa jirani amsomee tena shangazi.

Wenu,
Fundi wa maabara,
Morogoro